Mvua ilikuwa nzuri, au mradi umefanya kazi?

Msimu ukiisha na magunia yakaanza kupangwa Makambako, Mlowo na Uyole, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, taarifa za miradi nazo hutoka. Wakulima elfu kadhaa wamefikiwa, mashamba darasa yameanzishwa, mavuno yamepanda maradufu, jamii sasa inahimili mabadiliko ya tabianchi. Na kila mwaka hakosi mtu wa kuuliza kijiweni: mbona na sisi ambao mradi haukutufikia tumevuna vilevile?

Swali hilo lina uzito kuliko anavyodhani muulizaji. Novemba 2025, kwenye COP30, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, mjini Belém, Brazil, nchi zilipitisha orodha ya viashiria 59 vya kupima jinsi dunia inavyohimili mabadiliko ya tabianchi, kilimo na chakula vikiwamo. Wataalamu walianza na mapendekezo zaidi ya 9,000, wakayachuja hadi 100, kisha kwenye mazungumzo yenyewe orodha ikakatwa tena. Hata hapo nchi za Afrika zilikuwa zinataka muda zaidi. Watu wakauliza mitandaoni: kupima tu, mnabishana miaka miwili? Ndiyo, na sababu zake zinaonekana vizuri zaidi ukisimama Igurusi kuliko ukisimama Belém.

Tuanze na maneno yenyewe, maana mengi ya mabishano haya huzaliwa hapo. Hali ya hewa ni kinachotokea leo au wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa muda mrefu, na desturi ya wataalamu ni kutazama miaka 30. Wastani unaotumika sasa ni wa 1991 hadi 2020. Kuhimili ni yale mabadiliko anayofanya mkulima, kijiji au serikali ili madhara yapungue: kubadili mbegu, kusogeza tarehe ya kupanda, kuongeza zao la pili, kukinga maji, kutunza udongo. Kiashiria ni kitu unachokihesabu au kukipima ili kikuambie habari ya jambo lisilohesabika moja kwa moja.

Kuhimili si sawa na kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ingawa mambo haya mawili hutajwa pamoja kama mapacha. Kupunguza gesijoto kuna kipimo kimoja: tani. Tani iliyozuiwa Mufindi ni sawa na tani iliyozuiwa Ujerumani. Kuhimili hakuna tani. Kinachomsaidia mkulima wa viazi Uporoto chaweza kuwa hakina maana yoyote kwa mkulima wa mpunga Mbarali, ingawa wote wako mkoa mmoja wa Mbeya. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yaliweka lengo la dunia la kuhimili, lakini hayakusema tutajuaje tumelifikia. Kazi ya Belém ilikuwa kuziba pengo hilo.

Kuhesabu pikipiki si kupima

Kosa la kwanza, na ndilo linalojaza taarifa nyingi, ni kuhesabu kilichotolewa badala ya kilichobadilika. Mwaka 2022 serikali iliwagawia maofisa ugani pikipiki nchi nzima. Ni jambo jema; bwana shamba asiye na usafiri ni bwana shamba wa ofisini. Lakini pikipiki ni kifaa. Baada ya pikipiki inakuja safari ya kwenda kijijini. Baada ya safari, mazungumzo na mkulima. Baada ya mazungumzo, mkulima anabadilisha kitu shambani, au habadilishi. Akibadilisha, ndipo tuanze kuuliza kama badiliko hilo limemfaa siku mvua ilipokata.

Kwenye kila hatua ya mnyororo huo watu hupotea. Wanaohudhuria mafunzo si wote wanaojaribu, na wanaojaribu msimu wa kwanza si wote wanaorudia msimu wa tatu, hasa mbegu ikishakuwa ya kununua na si ya kupewa. Taarifa inayosema "wakulima 5,000 wamepatiwa mafunzo" inazungumzia mwanzo wa mnyororo. Binafsi, nikiisoma taarifa ya namna hiyo huwa naruka moja kwa moja kutafuta neno "baada ya mradi kuisha". Mara nyingi silioni.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni kupima kuhimili katika mwaka mzuri. Basi linalotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam laweza kupita Makambako na Mafinga likiwa na breki mbovu na abiria wasijue. Breki hujulikana kwenye mteremko mkali wa Kitonga. Mbinu ya kuhimili ni breki, na mwaka wa ukame, wa mafuriko au wa mvua iliyochelewa ndio Kitonga yenyewe. Mradi wa miaka mitatu uliopata misimu mitatu ya mvua nzuri haujashuka Kitonga hata mara moja. Unaweza kuwa umefanya kazi nzuri sana, au haukufanya lolote. Mavuno ya miaka hiyo hayawezi kukuambia.

Ingekuwaje bila mradi?

Hapa ndipo swali la kijiweni linapoingia. Ili ujue mradi umefanya nini, huhitaji tu kujua hali ya kabla na baada. Unahitaji kujua ingekuwaje kama mradi usingekuja. Hali hiyo haikutokea, kwa hiyo haipimiki. Inakadiriwa kwa kutazama watu wanaofanana na wa mradi lakini ambao hawakuwamo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji cha kwanza kimepewa mbegu ya mahindi inayokomaa mapema na mafunzo ya kukinga maji shambani. Kabla ya mradi kilikuwa kinavuna gunia 8 za kilo 100 kwa ekari. Kijiji cha pili, cha jirani, hakikupewa kitu. Kilikuwa kinavuna 9. Unakuja mwaka wa mvua nzuri: cha kwanza kinapata gunia 14, cha pili 13. Taarifa itaandika kwa furaha kwamba mavuno yameongezeka kwa gunia 6. Lakini cha pili nacho kimeongeza gunia 4 bila msaada wa mtu. Kazi ya mradi ni tofauti ya hizo mbili: gunia 2.

Unakuja mwaka mbaya. Mvua inakatika wiki tatu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele na ndevu, wakati ambao mmea hauna subira ya kiu. Kijiji cha kwanza kinapata gunia 7, pungufu ya zile 8 za zamani. Cha pili kinaporomoka kutoka 9 hadi 4. Ukitazama kijiji cha kwanza peke yake, utasema mradi umeshindwa: mavuno yameshuka chini ya yalivyokuwa kabla haujaja! Ukiviweka viwili pamoja, cha kwanza kimepoteza 1 na cha pili kimepoteza 5. Mradi umeokoa gunia 4 kwa kila ekari, mara mbili ya faida yake ya mwaka mzuri, na umefanya hivyo mwaka ambao taarifa yake ingesomeka vibaya.

Ndiyo maana mtu akisema "mavuno yamepanda, kwa hiyo tunahimili", au "mavuno yameshuka, kwa hiyo fedha zimeliwa", wote wawili wanasoma namba ambayo haijibu swali lao.

Kumpata huyo jirani wa kulinganisha naye ndiyo kazi. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukishuka bonde la Usangu, mwendo wa saa chache, hupati hata nusu yake. Kulinganisha kijiji cha Rungwe na cha Mbarali kwa sababu vyote viko Mbeya ni kujidanganya. Na hata ndani ya kijiji kimoja wanaojiunga na mradi kwanza si watu wa wastani. Ni wenye ng'ombe wa kulimia, wenye simu, wenye ekari za kutosha kuthubutu kujaribu nusu ekari, na, tusifichane, jamaa za viongozi. Hao wangevuna zaidi hata bila mradi. Njia ya haki, na pia njia bora ya kupima, ni kuchagua kwa bahati nasibu ya wazi vijiji vipi vianze mwaka huu na vipi vifuate mwaka ujao, kisha kupima vyote tangu siku ya kwanza. Huipendi? Wanasiasa wengi pia hawaipendi.

Kila kitu kinabadilika kwa pamoja

Ugumu mwingine ni kwamba mashamba ya Nyanda za Juu Kusini hayakai yakisubiri mradi upimwe. Viwavijeshi vamizi viliingia nchini mwaka 2017. Bei ya mbolea ilipaa duniani, kisha msimu wa 2022/23 ikaja ruzuku. Msimu wa 2023/24 El Niño ilikausha mashamba ya Zambia, Malawi na Zimbabwe. Zambia ikatangaza janga la taifa Februari 2024, na Tanzania, kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mradi unaopima mafanikio kwa kipato cha mkulima peke yake, tena katika mikoa inayouza mahindi ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, unaweza kuhesabu ukame wa jirani kuwa ni ushindi wake.

Kinyume chake pia hutokea: kuitupia tabianchi lawama zisizo zake. Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, ilikuwa ghala la mahindi miaka ya 1950 na 1960. Ardhi ile ililimwa mahindi juu ya mahindi, udongo ukachoka, na mavuno yakaanguka katika eneo ambalo tangu mwanzo mvua yake ilikuwa ya mashaka. Leo mgeni akifika akaona vumbi atasema ni mabadiliko ya tabianchi. Yapo, lakini mbegu inayostahimili ukame ikipandwa kwenye udongo uliokufa haitaonyesha uwezo wake, na mpimaji asiyepima udongo atasema mbegu haifai.

Na ile kauli inayosikika kila mvua ikinyesha vizuri, kwamba tabianchi ni porojo kwa sababu mwaka huu imenyesha? Jibu fupi ni lile la miaka 30. Jibu refu ni kwamba jumla ya mvua ya msimu huficha mengi. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei; hatuna vuli na masika kama wenzetu wa kaskazini, kwa hiyo hatuna nafasi ya pili. Misimu miwili yaweza kufunga na milimita zilezile, mmoja ukalisha watu na mwingine ukawatia njaa, kwa sababu tu ya siku mvua ilipoanza na wiki ilipokata katikati. Anayepima kuhimili akawa na jumla ya mvua tu, bila tarehe, ana nusu ya habari.

Gunia lipi, ekari ipi

Tumekuwa tukitaja gunia kwa ekari kana kwamba ni kitu kinachojulikana. Muulize mkulima wa viazi Njombe gunia ni nini, atakuuliza la kawaida au lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo wake. Mahindi hupimwa kwa debe, na debe lina wenyewe. Ekari nayo mara nyingi ni ya kukadiria kwa macho au kwa hatua. Watafiti waliolinganisha makadirio ya wakulima na vipimo vya GPS, hapa nchini na kwingine Afrika, waliona mwelekeo unaojirudia: mashamba madogo hutajwa kuwa makubwa kuliko yalivyo. Ukilizidisha shamba, mavuno kwa ekari yanaonekana madogo. Kisha mradi ukija na GPS mwaka wa pili, mavuno "yanapanda" bila jembe kugusa ardhi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina utafiti ulioanza 2008/09 unaorudi kwa kaya zilezile baada ya miaka kadhaa, na hilo ni jambo la thamani kubwa, maana unaona kaya moja ikipita mwaka mzuri na mbaya. Tatizo ni kwamba sampuli ya taifa haiwezi kukuambia habari za kata yako. Wengine wanatumaini satelaiti. Picha za Sentinel-2 ni za bure na hupigwa kila baada ya siku chache, lakini njoo Rungwe mwezi Februari uangalie juu: mawingu. Na hata siku ya jua, satelaiti ikitazama mahindi, maharage na migomba katika shamba moja huona ukijani tu.

Kuna mambo ambayo hayana haja ya satelaiti. Chakula cha ndani kiliisha mwezi gani? Kwa maeneo mengi ya huku Januari hadi Machi ndiyo miezi ya kubana mkanda kabla mahindi mabichi hayajatoka. Kaya imeuza nini ili ivuke: kuku, mbuzi, ng'ombe wa kulimia, au mahindi yakiwa bado shambani? Nani ameenda kufanya kibarua kwenye shamba la mwingine wakati la kwake lina magugu? Kaya inayopoteza gunia 3 lakini haiuzi ng'ombe imehimili kuliko inayopoteza 2 ikauza. Maswali haya yana uzito kuliko kilo, na mama wa nyumbani huyajibu bila kufungua daftari.

Muulize pia kazi imemwangukia nani. Kilimo hifadhi, kile cha kutogeuza ardhi, hutunza unyevu kweli, lakini bila dawa ya magugu palizi huongezeka, na palizi katika kaya nyingi ni ya wanawake na watoto. Taarifa itaandika mafanikio, mgongo utaandika kitu kingine.

Faida ya nani, hasara ya nani

Kuna dhana kwamba umwagiliaji ni kuhimili, mwisho wa maneno. Usangu inatufundisha kuwa waangalifu. Maji ya mito inayoshuka kutoka milimani huingia bondeni, yanalisha mpunga wa Mbarali, yanapita ardhioevu ya Ihefu, kisha yanakuwa Ruaha Mkuu, mto wa hifadhi ya Ruaha na wa mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Sababu zake zimebishaniwa sana, lakini maji yanayochukuliwa juu, kiangazi hasa, yamo katika kila maelezo ya maana.

Sasa fikiria skimu inayojengewa mifereji ya saruji ili maji yasivuje. Ukiipima ndani ya mipaka yake, matokeo ni mazuri: maji yaleyale, ekari nyingi zaidi. Lakini yale yaliyokuwa "yanapotea" mengine yalikuwa yanarudi mtoni. Kama yaliyookolewa yote yamekwenda kumwagilia ekari mpya, mto haujaongezewa hata ndoo. Kilichoitwa kuhimili juu ni ukame wa kutengenezwa chini. Wataalamu wana jina kavu la jambo hili; sisi tunaweza kusema tu kwamba shida imehamishwa. Kipimo kinachoishia kwenye ua wa mradi hakiwezi kuliona.

Upande wa pili wa dhana hiyo ni kudhani kuhimili kunaanza mradi unapofika. Wahehe na Wabena wamelima vinyungu, mashamba madogo ya mabondeni yenye unyevu, kiangazi tangu zamani. Mvua ikidanganya mlimani, kinyungu ndicho kinacholisha nyumba. Wamatengo wa Mbinga wana ngolo, mashimo ya kukinga maji na udongo kwenye miteremko mikali. Mradi unaopima mahindi peke yake utaiona kaya yenye kinyungu kuwa haijahimili, kumbe ina akiba bondeni. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, ziwa au bwawa. Sheria ina sababu zake, nazo ni nzito, Ruaha ikiwa shahidi. Lakini kinyungu kikifungwa uwezo wa kaya kuhimili unashuka siku hiyohiyo, na sijaona taarifa ya mradi iliyoweka hasara hiyo kwenye hesabu.

Muda nao unadanganya. Parachichi zinazopandwa Rungwe na Njombe huanza kuzaa kwa maana baada ya miaka kama mitatu, hata za kupandikiza. Mradi wa miaka mitatu utahesabu miche. Wakati miti inazaa, au inakauka, mpimaji ameshahamia mradi mwingine mkoa mwingine.

Kijiji kinaweza kupima nini

Wengi hudhani kupima ni kazi ya wafadhili na wenye kompyuta. Nadhani ni kinyume: kitu kinachokosekana zaidi huku si programu bali kumbukumbu za miaka mingi za sehemu moja, na hizo hakuna mfadhili wa miaka mitatu anayeweza kuzileta. Daftari la ofisi ya kijiji lingetosha kuanzia. Kaya chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zikiwamo za nje ya mradi. Kwa kila moja: tarehe ya kupanda, mbegu, ekari iliyopimwa kwa kamba mara moja tu, gunia zilizopimwa kwa mizani, mwezi chakula kilipoisha, mifugo iliyouzwa kwa shida. Kaya zilezile mwaka hadi mwaka, hata mwaka ambao hakuna mgeni anayekuja kuuliza.

Pembeni yake kipima mvua kimoja, kifaa rahisi, katika uwanja wa shule au wa zahanati. Mamlaka ya Hali ya Hewa husoma vipima mvua vyake saa 3 asubuhi kila siku, na kijiji kifuate saa hiyohiyo ili namba zilingane na za vituo vyao. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Nafasi ikiachwa wazi, baadaye hakuna atakayejua kama haikunyesha au msomaji alikuwa msibani.

Na daftari lisichukuliwe. Miradi ina tabia ya kukusanya fomu, kuzipeleka mjini na kutorudisha hata nakala, kisha mradi unaofuata unaanza kuuliza upya hali ilikuwaje kabla. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuweka sharti moja kabla ya kupokea mradi wowote: takwimu zote zinazokusanywa hapa, nakala yake ibaki hapa, kwa Kiswahili, na isomwe mbele ya wanakijiji kabla ya msimu unaofuata kuanza.